Hatua Sita Hadi Mezani

Mwaka wangu wa mwisho chuoni Dodoma, kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza filamu fupi. Mimi nilichagua mtindo wa noir. Mwalimu alikuwa ametuonyesha filamu chache za zamani za namna hiyo: nyeusi na nyeupe, watu wenye siri, taa moja chumbani na vivuli vinavyopanda ukutani hadi darini. Nilizipenda mara moja. Halafu hazikudai vifaa vingi, na sisi vifaa hatukuwa navyo.

Hadithi yangu ilikuwa ya mzee anayeingia chumbani na kukuta bahasha mezani, na ndani yake jina la mtu aliyemuua ndugu yake. Mzee wa kuigiza nilikuwa naye nyumbani. Baba alikuwa dereva wa serikali kwa miaka mingi, mtu wa Kondoa, mrefu, uso mwembamba. Alikuwa ameacha kazi kabla ya muda wake, akisema mgongo umechoka. Mama alishafariki, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, katika vyumba viwili vya kupanga mtaa wa Chang'ombe, hapo hapo Dodoma.

"Nitasema maneno mengi?" aliniuliza.

"Hata neno moja, baba. Unatembea tu."

"Kutembea naweza."

Tulirekodi mchana. Mimi na mwenzangu wa darasani, aliyeshika kamera, tuliziba dirisha kwa mablanketi, na matundu ya misumari kwenye bati tukayaziba kwa karatasi, maana jua la Dodoma halikosi pa kupenyea. Taa ilikuwa ile yangu ya kusomea. Mbele yake niliweka boksi nililolikata vipande vyembamba ili ukuta upate mistari ya mwanga na giza. Sakafuni nikachora alama ya chaki, mahali pa baba kusimama.

Mara ya kwanza aliipita alama. Mara ya pili aligonga kiti. Mara ya tatu alifika mezani akaweka kiganja pembeni ya bahasha, akapapasa.

"Washa na taa nyingine kidogo, mama," alisema.

"Nikiwasha, baba, si noir tena."

Akarudi mlangoni. Ilipofika mara ya saba nilikuwa nimechoka, joto limetuzidi, na betri ya kamera inakaribia kuisha. Nikasema, mbele ya mwenzangu, "Baba, alama ni kubwa hivyo. Hata mtoto angeiona."

Aliomba tupumzike. Nilipotoka nje kunywa maji nilimwacha anatembea peke yake, kutoka mlangoni hadi mezani, na kurudi. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nikamwambia asicheze midomo tukianza, kamera itaona. Akasema sawa.

Mara ya nane alifanya vizuri kuliko nilivyowahi kufikiria. Alisimama juu ya alama barabara. Mkono wake ukatoka kivulini, ukagusa ukingo wa meza, ukaufuata taratibu, ukaifikia bahasha. Mwenzangu alinong'ona kwamba mzee ni mwigizaji wa kuzaliwa.

Wiki iliyofuata nilikaa kwenye kompyuta ya chuo kuhariri. Kipande kile cha mkono nilikirudia mara nyingi, nikitafuta pa kukata. Ndipo nikaacha kuuangalia mkono nikaangalia uso. Baba hakuwa anaitazama bahasha. Macho yake yalikuwa yameelekea ukutani, hayajatulia juu ya kitu chochote. Nikamkumbuka akicheza midomo, nikajua alikuwa anahesabu hatua. Nilizihesabu na mimi. Zilikuwa sita.

Nilifika nyumbani jioni nikamkuta anachambua mchele kwa vidole.

"Baba, huoni?"

Alitoa kokoto moja akaitupa.

"Naona mbele yangu kidogo. Pembeni pameshaondoka. Ni presha ya macho. Ndiyo iliyoniondoa kwenye gari, si mgongo."

"Tangu lini?"

"Ulikuwa mwaka wa kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha chuo."

Nililia, nikamwomba radhi kwa maneno niliyomwambia mbele ya mgeni. Akasema ilikuwa kazi, na kazini watu husemana. Hospitali tulikwenda pamoja safari hiyo. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, dawa ya matone italinda kilichobaki, na kwamba tungefika mapema zaidi ingesaidia.

Siku ya kuonyesha filamu baba alikaa pembeni yangu ukumbini. Picha zilikuwa nyeusi mno kwake, hakuona kitu. Nilimnong'oneza: sasa unaingia, sasa umesimama. Watu walipopiga makofi aliuliza kama filamu imekwisha. Mwalimu alimfuata, akamwamkia, akausifu ule mkono. Baba akamshukuru. Mimi nilishindwa kuinua uso.

Matone hayakuzuia mengi. Mwaka jana, baada ya kuanguka mara mbili kwenye mtaro wa mtaani kwetu, aliomba nimpeleke Kondoa kwa dada yake, kwenye nyumba alimozaliwa. Nilibishana naye siku kadhaa, kisha nikakubali, kwa sababu mchana kutwa mimi niko kazini Mtumba, kwenye ofisi za serikali, narekodi mikutano ya maofisa na yeye anabaki peke yake. Tulipofika alinipa begi lake, akavuka uwanja, akazunguka zizi, akaenda kunawa bila kugusa ukuta wala kuuliza njia. Nilisimama na begi mkononi. Shangazi akaniuliza kama nitalala au nitarudi mjini. Nikamwambia nitarudi.