Jina ya Anayepiga Piano

Mie siimbi. Naanza na hiyo, juu watu wanafikiri kila muntu wa korali anaimba. Nikifungua kinywa mbele ya watu sauti inarudi chini, na nikiilazimisha inatoka kama ya mbuzi. Mie napiga piano. Ni piano ndogo nyeusi ya umeme, tunaichomeka kwa batri ya gari, na upande wa kushoto noti moja ilishakufa. Nilijifunza peke yangu nikiwa mwaka wa pili wa segonderi. Nikiwa nyuma yake hakuna muntu ananiuliza kitu. Njo sababu naipenda.

Basi walipotangaza kama korali yetu ya Masisi imealikwa Walikale, kwenye sikukuu ya makorali, nilifurahi siku nzima. Siku iliyofuata pasta akaharibu yote. Alisema hakuna chombo ya muziki itakayotoka tena hapa bila asiransi, ile bima ya kulipa kitu ikiharibika. Alikuwa na haki, lazima niseme ukweli. Safari iliyopita gitare ilianguka toka kwa pikipiki, ikarudi imepasuka. Halafu kwenye harusi moja kule Lushebere ndama aliweka muguu ndani ya ngoma kubwa, na wenye ndama, badala ya kulipa ngoma, wakaanza kulia ndama.

"Bila asiransi mutaenda na makofi," pasta akasema. "Walikale hawajaziba masikio, watawasikia tu."

Wote wakacheka. Mie nilifanya hesabu yangu kimya. Kama korali inaenda na makofi, muntu asiyeimba anaenda kufanya nini? Nafasi kwa pikipiki zilikuwa chache, na wasopurano peke yao walikuwa tayari wanazigombania. Bila piano nabaki nyumbani kuchambua maharagi.

Muntu wa asiransi hapa kwetu iko mumoja. Anakaaka chini ya parasoli, ule mwavuli mukubwa wa jua, pembeni ya wauza foromaji, jibini ya kwetu, na kazi yake ni asiransi za pikipiki. Tangu aanze hakuna aliyemuuliza mambo ya piano. Aliomba karatasi Goma, zikakuja na aina tatu, na komite ikatakiwa kuchagua moja. Papa prezida wa korali akasema mie njo nitaandika, juu niko na mwandiko mzuri. Sababu ya kweli ni kwamba mie sijibu watu.

Tulikaa kwa hiyo mambo Jumamosi tatu. Tatu. Na aina zenyewe hazikuwa ngumu, nilizisoma mara moja nikazielewa. Ya kwanza inalinda vyombo vikiwa ndani ya kanisa, moto na wezi. Ya pili inalinda vikiwa njiani, lakini ndani ya gari ya kufunga milango. Ya tatu inafuata muntu: piano iko na asiransi popote, hata mugongoni kwa pikipiki, kama anayeibeba ni yule ambaye jina yake iko kwa karatasi, mwenye kuipiga. Akimwachia muntu mwingine, asiransi inakufa palepale.

Sasa mutoto wa primeri angeona. Tunaenda Walikale, kwa hiyo ya kwanza haitusaidii. Gari kwa ile barabara, wakati wa mvua, inalala kwa matope siku ngapi hakuna ajuaye, na gari ya kufunga milango hatuna. Inabaki ya tatu. Lakini Papa prezida alishikilia ya kwanza, juu bei yake ilikuwa ndogo. Mama wa sanduku, mwenye kushika pesa za korali, akamuuliza kama kanisa nayo inaenda Walikale. Papa akasema tusikimbilie. Mupiga gitare akataka kujua kama moja kati ya hizo tatu inalinda mambo ya ngombe. Tukatuma muntu chini ya parasoli kuuliza. Jibu likarudi: ngombe haimo. Wakajadili ngombe mpaka giza ikakaribia na nikafunga daftari.

Jumamosi ya pili walijadili mvua. Jumamosi ya tatu waliulizana kama karatasi inajua kwamba piano yetu inaazimwaka, juu kwetu muntu akiwa na harusi ao kilio anakuja tu kuichukua, na kumukatalia ni haya. Mama wa sanduku akachoka. Akasema tunaandika ya tatu, na asiyetaka ajifundishe kupiga makofi vizuri. Walipiga kura kwa mikono. Ya tatu ikapita.

Halafu ikakuja ile mustari: jina ya anayepiga. Papa prezida hakungoja hata niisome yote. Akataja jina yake. Kwa piano, jina yake. Kwa gitare ya kwanza, jina yake. Kwa gitare ya pili, jina yake.

Hapa nataka muelewe, Papa hakuwa anaiba. Kwetu karatasi yote ya korali inabebaka jina ya mukubwa. Ya hema, ya uniformu, hata ya sufuria. Kuandika jina ya mutoto wakati Papa amekaa pale ingekuwa kama kumuvua koti mbele ya watu. Wapiga gitare walikuwa palepale, wakaangalia mulango. Na mie? Mie niliyesoma ile karatasi mara ine, niliyejua kabisa inamaanisha nini, niliandika. Kwa mwandiko mzuri. Kosa ya kwanza ni yangu, na nilikasirika na mie mwenyewe kuliko na Papa.

Siku ya Alhamisi ajenti, yule muntu wa asiransi, akapanda kanisani kuhakikisha. Alikaa benchi ya mbele, akafungua karatasi, akasifu mwandiko. Kisha akasema, kwa heshima tu, kwamba kwa pikipiki anaombaka motari, mwenye kuiendesha, azunguke kiwanja mara moja, ajue kama kweli ni motari. Kwa hiyo Papa apige kidogo.

Papa prezida alikaa nyuma ya piano. Alipandisha mikono ya koti. Akabonyeza noti moja kwa kidole kimoja, na kati ya zote alichagua ile iliyokufa. Akabonyeza tena. Akasema leo umeme iko mubaya.

Ajenti akabonyeza noti ya pembeni, ikalia.

"Basi ni vidole," Papa akasema. "Asubuhi nilikamua ngombe, vimechoka."

Korali yote ilikuwa pale. Mama wa sanduku alitazama juu kwenye mabati kana kwamba anatafuta tundu. Watu makumi mawili waliojua ukweli, na wote wanalinda haya ya muntu mumoja. Nilitaka kulia kwa hasira. Ajenti akatoa biki ya kuandikia toka mufukoni.

"Papa, musinichukie. Kama mupigaji ni hivi, mie naandika hapana, na piano inabaki Masisi."

Sijui nilisimama saa gani.

"Ni mie napigaka," nikasema.

"Nani?"

"Mie."

Ajenti akaniangalia, akamuangalia Papa. Papa akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama jambo alilokuwa anataka kusema tangu asubuhi, "Mutoto wangu huyu. Anapigaka kwa niaba yangu." Akaniachia kiti. Nikapiga mwanzo wa wimbo wetu wa kuingilia, vibaya, lakini nikapiga. Nilipomaliza mupiga gitare wa kwanza akasimama akasema gitare nayo ni yake, na wa pili akamufuata, sasa wote wanaume wenye nguvu. Wiki nzima walikuwa wapi?

Sina miaka ya kutia sahihi, kwa hiyo Mama yangu aliitwa toka shambani na udongo kwa miguu. Alisoma jina yangu kwa karatasi polepole.

"Mwaka muzima unanijibu kwa kichwa," akaniambia. "Kumbe sauti ulikuwa unaiwekea muntu wa asiransi."

Akatia sahihi. Nilitoka pale nikijua naenda Walikale.

Nilifikiri imeisha. Zilipita siku tatu tu. Papa prezida akakuja nyumbani, akakaa, akanywa chai ya maziwa, akaongea habari za viazi, kisha akasema shemeji yake anaoa Jumamosi na atatuma muntu kuchukua piano. Kama kawaida. Nilitazama kikombe chake. Nikimupa, asiransi inakufa, Walikale inakufa.

"Papa, haiwezekani," nikasema. "Inafuata mie."

"Sema kwa nguvu, sisikii."

Kwa hiyo nilipaswa kusema mara mbili, nikipiga kelele karibu, neno ambalo hata mara moja sikutaka kulisema. Mama aliacha kumenya viazi. Papa prezida akazungusha kikombe. Hakukasirika hata kidogo, na heri angekasirika.

"Kama inakufuata wewe, basi wewe fuata harusi," akasema. "Saa mbili asubuhi. Na uvae vizuri."

Ile habari ilitembea Masisi yote kabla sijaosha kikombe. Jumamosi nilipiga kwa shemeji, siku nzima, kati ya watu nisiowajua wanaonipa nyama na kuniuliza niko mutoto wa nani. Jumanne ilikuwa kilio. Leo mama mumoja wa Lushebere amepita kuuliza, na hakumuuliza Papa prezida, aliniuliza mie, akisimama mulangoni na kungoja jibu kwa kinywa. Walikale iko wiki mbili mbele. Nimemwambia ndiyo, nitakuja, juu kusema hapana ingechukua maneno mengi zaidi. Mama ameshatoa kitenge cha kufungia piano mugongoni.