Betri ya Nyumba Kubwa

Baba alinipa kazi ya kuchagua sola kwa sababu nilikuwa na digrii na sikuwa na kazi nyingine. Digrii yenyewe ilikuwa ya jiografia. Nilipomkumbusha hivyo, aliniuliza kama jua si jiografia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nguzo za stima zilipita barabarani pale Otonglo na kuendelea na safari yao kuelekea Busia. Kwetu, mwendo mfupi tu kutoka sokoni, hazikukata kona. Baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu ndiye wa pili. Wa kwanza, ambaye sote tulimwita mama mkubwa na ambaye ndiye aliyenilea mama yangu alipokuwa akiuza samaki mjini, alikuwa na kikohozi ambacho kilikataa kila dawa. Daktari alimwambia aachane na koroboi, taa yake ya mafuta, kwamba ule moshi anaouvuta kila jioni ndio unaomharibia kifua. Ndiyo maana tulitaka sola. Taa ilikuwa ya mama mkubwa. Sisi wengine tungefaidi tu kwa kuwa jirani.

Nilinunua daftari. Niliandika idadi ya balbu, saa za kuwaka, siku ambazo mawingu ya ziwani hukaa juu yetu bila kuondoka. Nilisoma kwamba kuna paneli za kioo kigumu, ghali lakini za kudumu, na zile za rangi ya kahawia ambazo huanza vizuri kisha hudhoofika baada ya miezi michache. Nilikwenda soko la Kondele, mjini, mara nne kabla ya kununua chochote. Muuzaji, mtu mnene aliyeuza redio na betri kwenye kibanda kimoja, alichoka nami mapema.

"Nyumba ni ngapi?" aliniuliza mara ya kwanza.

"Mbili."

"Basi chukua mbili ndogo. Kila mama na yake."

Nilimweleza kwa nini paneli moja kubwa yenye betri moja nzuri ni bora kuliko mbili dhaifu. Nilimwonyesha hesabu yangu. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mahubiri ya kanisa lisilo lake.

"Sawa, Bwana Digrii," akasema. "Wewe ndiye umesoma."

Nilidhani alitaka tu kuuza vitu viwili badala ya kimoja.

Nyumba ya mama mkubwa iliezekwa kwa nyasi na mikaratusi iliitia kivuli hadi saa nne asubuhi. Ya mama yangu ilikuwa ya mabati, peupe. Daftari halikuwa na shaka. Nilifunga paneli juu ya mabati, nikaweka betri chini ya meza ya mama, nikajaribu balbu. Ikawaka. Mama akapiga makofi mara moja, kisha akaacha. Baba aliitazama balbu, akatazama ng'ambo ya ua, akatoka nje. Mimi nilikuwa nikifikiria unene wa waya.

Niliuvuta waya ule juu ya ua, juu ya nguzo mbili nilizochimba mwenyewe, hadi mlangoni kwa mama mkubwa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, koroboi tayari mkononi.

"Hiyo stima imewaka wapi kwanza?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu kila jambo huanzia nyumba kubwa, kwa mikayi, mke wa kwanza. Yeye ndiye hupanda kwanza na huvuna kwanza. Nyumba yake ndiyo hujengwa kwanza. Mama yangu hajawahi kutia jembe shambani kabla yake. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Lakini katika daftari zima, lenye kurasa tatu za mawingu peke yake, sikuwa nimeliandika.

"Siwezi kupokea moto kutoka nyumba ndogo, nyathina," alisema, akiniita mwanangu kwa sauti ile ile ya siku zote. "Rudisha waya wako."

Nikaurudisha. Kwa wiki tatu mama yangu hakuwasha ile taa kwa aibu, na mama mkubwa alikohoa ndani ya moshi wake. Baba hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Nilirudi Kondele. Muuzaji alicheka hadi akakaa chini, kisha akanihurumia. Akachukua paneli kubwa, akanipa mbili ndogo za kahawia na betri moja ndogo, mpya. Ile betri kubwa alikataa kuipokea. Betri iliyokwisha kutumika, alisema, ni kama mswaki.

Njia nzima ya kurudi nilibishana na nafsi yangu. Betri mpya ilikuwa haki ya mama mkubwa, na hilo halikuhitaji digrii. Lakini ile ndogo ingezimika saa mbili usiku, naye hukesha hadi saa nne akisuka vikapu. Ikizimika, angewasha koroboi. Ile kubwa ndiyo ingeokoa kifua chake. Nilitengeneza sanduku la mbao, nikaitia ile kubwa ndani, nikapigilia kifuniko misumari.

Paneli yake niliifunga kwenye mti mrefu upande usio na kivuli. Kabla hajagusa swichi, aliuliza tena.

"Hii ni mpya? Haijawaka kwingine?"

Paneli ilikuwa mpya. Balbu ilikuwa mpya. Niliviwaza vyote viwili kwa haraka, kama wakili.

"Ni mpya, Mama."

Akawasha. Akazima koroboi kwa vidole na kuiweka nje ya mlango.

Mama yangu alisubiri siku nne kabla ya kuwasha ya kwake, kisha akaenda kumpongeza mwenzake akiwa na kilo ya sukari. Nilimwona akilitazama lile sanduku. Tukiwa tunarudi alisema ya kwake huzimika mapema sana, nami nikasema najua. Tulipofika katikati ya ua akasimama.

"Akikuuliza siku yoyote," alisema, "mimi sikuona kitu."

Kikohozi kilipungua kwa miezi miwili. Mvua ndefu zilipoanza kikarudi, na daktari akasema ni baridi tu. Huenda ilikuwa baridi. Lakini wazee wangekuwa na jina jingine la kilichomrudia, jina la laana ya mwiko uliovunjwa, na mimi nililijua jina hilo. Alasiri moja niliketi mlangoni mwake nikiwa nimeamua kumwambia. Alikohoa, akafuta mdomo kwa ncha ya leso, akawasha taa mapema kwa sababu ya mawingu. Akaniuliza kama nimekula.

Nikasema nimekula.