Nilivyomzulia Bwana Harusi Mapacha

Mnaonifahamu mnajua sipendi kuulizwa habari za send-ofu ya Neema, lakini kwa kuwa kila nikifika kwenye shughuli hapa Silver Spring lazima atokee mmoja wa kuniuliza, "Mwalimu, mapacha hawajambo?", afadhali niisimulie mwenyewe kuliko kuisikia ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwapo. Niliaibika, sikatai. Niliaibika ukumbi mzima ukiniangalia, kitenge kipya mwilini, maikrofoni mkononi.

Kwanza mjue kiburi changu kilitoka wapi. Mimi nilikwenda Uchina kusoma, nikamaliza, nikabaki kufundisha Kiingereza katika mji wa Harbin, kaskazini kabisa, ambako mto unaganda mpaka malori yanapita juu yake. Asubuhi nilishuka ngazi na chupa yangu ya chai kupanga foleni ya maji ya moto, jioni nilipanda nikijipenyeza kati ya kabichi ambazo kila familia ilizirundika ukutani kabla ya baridi kuingia, na jirani yangu mmoja, bibi wa watu, alikuwa ananikamata mlangoni na kunifinya suruali kwa vidole kuhakikisha nimevaa nyingine mbili kwa ndani (akikuta moja ananirudisha chumbani, mwalimu mzima, wanafunzi wanasubiri). Pale mtaani mtu hakukuuliza umeamkaje, alikuuliza umekula. Barafu za kulamba ziliuzwa barabarani ndani ya maboksi ya karatasi, bila friji, maana mji wote ulikuwa friji, na sisi tulizinunua tukazila huku tunatetemeka. Nilijifunza kubishania bei ya samaki, kukaripia wanafunzi wavivu, mpaka nikawa naota kwa Kichina. Kwa hiyo nilipohamia huku Maryland na watu wakaanza kuniita Mwalimu wa Uchina, jina nililipokea kwa mikono miwili.

Sasa, Neema ni binti wa rafiki yangu, Mama Neema, mwenyeji wa Moshi. Alipata mchumba chuoni, kijana wa Kichina anaitwa Wei, mpole, ana adabu, alishajifunza kusema shikamoo na asante na basi. Wazazi wa Wei walikuja kwa ajili ya harusi kutoka Sichuan, ambako ni mbali na Harbin kama vile Lindi na Khartoum. Hawakujua Kiingereza. Bibi yake Neema, aliyeletwa kutoka Moshi, naye hakukijua. Wei angeweza kumtafsiria baba yake kwa Kiingereza na mwingine akamtafsiria Bibi kwa Kiswahili, lakini Mjomba Elisante, msemaji wa familia, alikataa kabisa: bwana harusi hawezi kusimama mbele ya wakwe kujisemea, atakuwa anajiombea mwenyewe. Macho yote yakanigeukia mimi, na mimi wala sikungoja kubembelezwa.

Hapa ndipo palipo na kosa, na lilikuwa dogo tu. Siku ya shughuli Wei alinipigia simu, akaniomba nifike saa moja kabla nikae kidogo na baba yake, kwa sababu Kichina chake kina lafudhi ya nyumbani. Nikamwambia, "Wei, mwanangu, mimi nimefundisha kule. Usiwe na wasiwasi." Ile saa moja nikaenda kuimalizia saluni.

Ukumbi ulijaa. MC alikuwa kijana wa Kikenya mwenye maneno mengi, akanikaribisha kwa sifa ambazo hata mimi nilianza kuziamini. Baba yake Wei akasimama, mzee mwembamba, suti imemzidi mabega. Alianza polepole, na kweli lafudhi ilikuwapo, lakini nilimfuata. Akasema wao ni watu wa kawaida, yeye alifanya kazi ya reli, na hawakuwahi kufikiri watapata binti kutoka mbali hivi. Nikatafsiri. Nikapigiwa makofi. Nikaongeza na vikorombwezo vyangu ("binti lulu," mzee hakusema lulu), nikapigiwa tena. Nikajiona.

Kisha mzee akasema jambo ambalo niliposikia nilisita kidogo. Alisema mke wake amemletea bibi harusi haizi. Na haizi, kwa Kichina nilichofundishwa na kukiishi, ni mtoto.

Nikajiambia labda wamekuja na mjukuu. Nikatafsiri: "Mama anasema amemletea bibi harusi mtoto." Watu wakatabasamu, wakidhani ni mtoto wa kushika maua.

Mzee akaendelea, "Amehangaika nayo mwenyewe, kwa mikono yake." Mjue Kichina hakikusaidii kutofautisha ni mtu au kitu kinachosemwa, yote yanatamkwa sawa, kwa hiyo mimi nikasema, "Amemlea kwa mikono yake mwenyewe."

"Ni jozi," akasema mzee.

"Ni mapacha," nikasema mimi.

Ukumbi ukaanza kutulia, na si utulivu wa heshima. Mzee, masikini, akaona watu wanasikiliza vizuri, akapata moyo. Akasema ukubwa waliambiwa na Wei. Nikasema, "Wei mwenyewe ndiye anayejua ukubwa wao." Akasema bibi harusi asiikatae, na mwanzoni ikimbana avumilie, itazoea. Nami nikamalizia kwa sauti ya kanisani, "Wanamwomba Neema asiwakatae. Wakimsumbua mwanzoni avumilie, watamzoea."

Hakupiga makofi mtu.

Mzee mmoja wa Kikongo aliyekaa mbele akauliza polepole, "Mama, batoto iko wapi?" Mjomba Elisante akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mwalimu," akasema, "muulize huyu mzee kwa niaba ya familia. Mama wa hao watoto ni nani?"

Nikamuuliza baba yake Wei kwa Kichina safi cha Harbin, mama wa watoto ni nani. Kwa Kichina mtoto na watoto ni neno moja, kwa hiyo yeye akadhani namuulizia mama yake Wei ili atambulishwe. Akafurahi, akamwinua mke wake kwa mkono. "Huyu hapa." Yule mama, umri wake ni wa kucheza na wajukuu, akainama kwa heshima kushoto na kulia.

Nikabaki na maikrofoni. Neema alikuwa amemgeukia Wei na kumuuliza kwa Kiingereza kama ana watoto, na Wei anamuuliza watoto gani, na kadiri anavyouliza ndivyo alivyoonekana mwongo. MC akasema, "Wazee, hebu tutulie kidogo," lakini Mama Neema alishaingia jikoni. Nilimsikia akiwaambia akina mama, "Hayo masinia yafunikeni. Hakuna anayekula mpaka nielewe." Na Bibi, pale kwenye kiti chake cha heshima, alikuwa ananiangalia mimi, si wageni, mimi, kama mtu aliyeleta msiba nyumbani kwake.

Aliyeniokoa ni mama yake Wei. Aliona masinia yaliyoanza kutoka yanarudishwa jikoni, akaelewa kuwa zawadi yake imekataliwa. Akafungua begi lililokuwa chini ya meza, akatoa kitambaa chekundu, akakikunjua, akaja nacho mpaka mbele yangu akiwa na machozi. Ndani yake mlikuwa na viatu vya kike vya kitambaa cheusi, vimetariziwa maua mbele. "Haizi," akaniambia, akivigusa. "Haizi."

Kwao Sichuan, viatu huitwa hivyo. Sisi kaskazini tunaviita shiezi. Na mtoto, wao wana neno lao jingine kabisa.

Joto lililonipanda siku ile sijalipata hata kiangazi cha Washington. Ningeweza kuweka maikrofoni chini na kutafuta mlango, na miguu ilikuwa tayari. Lakini nikamwona yule mama na viatu vyake mkononi, nikasema, "Ndugu zangu, naomba mnisamehe. Hakuna watoto. Wei hana mtoto. Ni viatu. Mzee amesema sawasawa, mimi ndiye nimesikia vibaya."

Kicheko kilichotoka sidhani kama kimeisha. Mjomba Elisante alikaa akafuta macho. Yule mzee wa Kikongo alilazimika kutoka nje. Wei alipoelezwa alikaa chini akashika kichwa, kisha akacheka mpaka Neema akaanza kumpiga mgongoni.

Nilisubiri wanyamaze, kwa sababu bado nilikuwa na kazi. Nikamwomba baba yake Wei msamaha, nikamwomba aseme upya, na safari hii kila neno nisilokuwa na hakika nalo nilimuuliza mbele ya watu wote bila haya. Halafu nikawaambia nilichokijua mimi na wao hawakukijua, maana hata Harbin nilikuwa nawaona wanawake wa mtaani kwetu wakivishona: vitambaa vikuukuu vinabandikwa kwa uji wa ngano, tabaka juu ya tabaka, vinakaushwa juani, kisha soli inatobolewa na kushonwa kwa uzi wa katani, unavuta mpaka kidole kinachubuka, na mtu hawezi kumshonea kila mtu, anamshonea wa kwake. Nikasema, "Huyu mama hajanunua dukani. Amekaa jioni zake akimfikiria Neema kabla hajamwona." Na hapo sikutia chumvi hata punje.

Bibi akaomba aletewe kiatu kimoja. Akakigeuza, akapapasa soli kwa kidole gumba, kisha akamwita mama yake Wei kwa mkono, akashika vidole vyake akavitazama. Akasema, "Mwambie ameshona kama mtu anayependa." Nikamwambia. Neno kwa neno, sikuongeza kitu. Mama yake Wei akapiga magoti akamvisha Neema mwenyewe, na vilimkaa, na masinia yakatoka jikoni.

Wakati wa kuaga, mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniita laoshi, yaani mwalimu, akasema nikienda Uchina tena nipitie kwao nikakae mwaka mmoja, watanifundisha Kichina. Naapa nilijisikia fahari kuliko wakati wa makofi.

Tangu hapo nimetafsiri harusi nyingine tatu, na sijaacha kujidai, siwezi kuwadanganya. Ila sasa mtu akinipigia simu kuniuliza kama najua Kichina, simjibu mpaka nimuulize wazee wake wanatoka mkoa gani.