Mlango wa Nyumba Ndogo

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto wake, Wegesa alivuka ua kwenda nyumba ndogo, akagonga mlango mara mbili kwa ncha ya fimbo, akauliza, "Mmeamka?" Hakuondoka mpaka aitikiwe. Bhoke ndiye aliyeitikia kwa miaka mingi, na binti yake Rhobi alipojua kusema, kazi ikawa yake: "Tumeamka, bibi." Hapo ndipo fimbo iliposikika ikirudi polepole juu ya udongo.

Wegesa ndiye aliyemwoa Bhoke. Kwa Wakurya jambo hilo si ajabu. Mjane asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba yake. Huitwa nyumba ntobhu. Wegesa alijaliwa mabinti wawili tu, na mahari ya yule mdogo haikulala zizini hata msimu mmoja, ikaenda kwa baba yake Bhoke. Mwanamume wa kuzaa naye, Bhoke alimchagua mwenyewe: Nyangwine, fundi wa kuezeka, mwenye mke na watoto ng'ambo ya mto. Alikuja na kuondoka. Hakuna aliyemdai kitu, naye hakudai.

Mambo yalianza kuharibika mwaka 1974, watu walipohamishiwa kijiji kipya na nyumba zikajengwa mstari mmoja. Balozi wa nyumba kumi, Simioni, alipita na daftari akiandika wakuu wa kaya. Kwa Wegesa alisimama muda mrefu, kalamu mdomoni.

"Mama, mkuu wa kaya hapa ni nani?"

"Unaniona."

"Na huyu Bhoke?"

"Mke wangu. Nyama ya harusi ulikula, au umesahau?"

"Sijasahau. Ila nikiandika mama ameoa mama, huko wilayani watanicheka." Simioni akainua macho. Nyangwine alikuwa juu ya paa, anafunga nyasi. "Yule pale si mwanamume?" Akaandika jina la Nyangwine, akaenda nyumba ya pili.

Miaka mitatu baadaye Nyangwine alikwenda Mahakama ya Mwanzo kumdai Rhobi, na ushahidi wake ulikuwa daftari lile.

"Nina wavulana wanne," alimweleza hakimu, "binti sina hata mmoja. Hao watakuja kuoa kwa ng'ombe gani?"

Wazee wawili wa baraza waliitikia kwa vichwa. Shida hiyo waliijua. Bhoke aliketi benchi la mbele na Rhobi mapajani. Pembeni yake Wegesa alikuwa ameishika fimbo kwa mikono miwili.

Hakimu, kijana wa kutoka mbali, alisoma ukurasa ule. "Hapa wewe ndiye mkuu wa kaya. Ulikuwa unaishi hapo?"

"Nilikuwa naezeka."

"Mahari ulitoa?"

"Sikutoa."

"Alitoa nani?"

Mzee mmoja wa baraza alijibu kwa niaba yake. "Mama huyu, mheshimiwa. Na dume mmoja wa mahari hiyo alimpiga mshenga teke, mpaka leo anachechemea."

Watu walicheka, hata Nyangwine. Wegesa hakucheka.

Wazee walisema mtoto ni wa nyumba ya Wegesa, na neno la ziada hakuna. Hakimu aliwashukuru, kisha akasema kwamba katika sheria aliyonayo mezani hakuna ndoa ya mama na mama. Nyangwine hakuoa, na daftari la balozi halimwozeshi mtu. Lakini Wegesa naye si mume wa mtu. Mtoto ni wa mama yake aliyemzaa, naye akae naye popote apendapo.

Popote apendapo. Bhoke aliinama akamfunga Rhobi kifungo cha gauni ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Aliingia mle akiwa na mtoto wa nyumba ya watu. Sasa alikuwa anatoka na mtoto wake mwenyewe, na hakukuwa na mtu wa kumwomba ruhusa.

Nje, Nyangwine alimngojea, hana hasira. Alikuwa amemnunulia Rhobi kipande cha muwa.

"Basi njoo naye, Bhoke. Nitakujengea. Kiwanja ninacho."

"Kaezeke nyumba ya mkeo, Nyangwine. Mvua inakuja."

Wegesa alikuwa ameshatangulia. Hakumwita Bhoke, wala hakugeuka kutazama kama kuna anayemfuata, ila alitembea polepole kuliko alivyozoea, mpaka akasikia nyuma yake mtoto anatafuna muwa. Safari yote hawakuzungumza hukumu. Walizungumza mihogo.

Asubuhi iliyofuata fimbo iligonga kama kawaida. "Mmeamka?"

Rhobi alikuwa bado amelala kwa uchovu wa njia. Bhoke hakuitikia kutoka kitandani. Aliinuka, akafungua mlango, wakatazamana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nyumba hii umeijenga wewe. Kwa nini kila siku unagonga?"

Wegesa aliutazama udongo ulioganda kwenye ncha ya fimbo yake.

"Naogopa siku moja nisiitikiwe."