Bi Masizi na Lifti ya Ghorofa Sita

Jina la Bi Masizi alibandikwa na wenzake kiwandani wiki ya kwanza tu, naye hakulikataa. Alikuwa upande wa mashine za kukandamiza, ambako unga mweusi wa grafiti huchanganywa na unga wa shaba, ukabanwa mpaka ukawa vipande vigumu, vingine vidogo kama jino. Vikishaokwa kwenye tanuri na kufungwa waya na springi, mafundi huviita kaboni. Ndani ya mota, kaboni huegemea duara la shaba linalozunguka, na umeme hupitia hapo. Kaboni ikiisha, mota inanyamaza.

Unga ule huingia hadi kwenye kope. Siku ya harusi ya bintiye, Bi Masizi alijisugua kwa ndimu, kwa mafuta ya taa, kwa mswaki, na bado kucha zikabaki nyeusi. Mpiga picha akamwomba akunje vidole.

"Kunja vyako," alimjibu. "Hivi ndivyo vilivyomsomesha bibi harusi."

Aliishi ghorofa ya tano ya jengo la ghorofa sita, pamoja na mumewe, dereva wa lori asiyekaa nyumbani siku tatu mfululizo, na mama mkwe wake. Mama mkwe alikuwa na magoti mabovu na ulimi mzima. Kila siku alishuka kwa lifti kwenda kumtembelea shoga yake wa ghorofa ya chini.

Mwaka ule lifti ikaanza vituko. Ilitoa cheche na harufu ya kuungua, kisha ikakwama. Ikawekewa kaboni mpya. Wiki haikuisha, zikawa zimelika zote. Zikaletwa nyingine, yakawa yale yale. Mama mkwe alikaa juu wiki tatu. Yeye na shoga yake wakawa wanaongea kwa kupaza sauti dirishani, mpaka jengo zima likajua nani kavimbiwa na nani hajapigiwa simu na wanawe.

Kilichomuuma Bi Masizi ni kwamba kaboni zile zilitoka kiwandani kwao. Jirani wa ghorofa ya sita, akipanda ngazi na mtungi wa gesi begani, alimwambia bila kificho, "Mama, mnatuuzia mkaa wa kupikia."

Kesho yake alizifunga kaboni zilizolika kwenye kitambaa, akampelekea mpimaji wa kiwanda. Mpimaji alizipima asubuhi nzima. "Mchanganyiko ni ule ule tunaowapelekea watu wa kreni," alisema, "na wao hawajawahi kulalamika. Kaangalie mota yenyewe."

Jumamosi asubuhi Bi Masizi akapanda hadi chumba cha mota, juu kabisa ya jengo. Fundi wa lifti alikuwa mzee nadhifu; hata ovaroli yake aliipiga pasi. Alimkaribisha, akafunua kifuniko cha mota na kumulika tochi.

"Tazama, mwanangu. Unaweza kujitengeneza nywele hapa."

Kweli, shaba iling'aa kama kioo. Kando yake kulikuwa na kipande cha msasa.

"Unaisugua mara ngapi, baba?"

"Kila asubuhi. Tangu mwenye jengo aniambie chumba changu kichafu, sijaacha hata siku moja."

Hapo hapo Bi Masizi akaelewa. Shaba ikizoeana na kaboni hujivika utando mwembamba wa rangi ya kahawa, na utando huo ndio unaoifanya kaboni iteleze. Ukiukwangua, shaba tupu huitafuna kaboni mpaka iishe. Mzee aliuona utando, akadhani ni uchafu.

Angeweza kushuka na kulitangazia jengo zima. Lakini aliikumbuka sauti ya yule jirani kwenye ngazi, akaona asimtwishe mzee aibu ile ile.

"Baba, nisaidie jambo," alisema. "Nitaleta kaboni mpya. Lifti ipande na kushuka tupu, nijue shaba inabadilikaje isipoguswa kwa siku kumi. Kila asubuhi uniandikie rangi unayoiona. Msasa nipe mimi."

Mzee aliutoa kama mtu anayetoa pete ya ndoa. Siku ya nne walikutana mlangoni.

"Mkono unaniwasha," alinong'ona.

"Tia mfukoni, baba."

Aliandika kwa mwandiko safi: njano; njano iliyofifia; kama chai; kama chai iliyokolea; kama kahawa, cheche hakuna. Siku ya tisa akagonga mlango wa Bi Masizi, akakaa kitini na daftari mapajani.

"Kumbe aliyekuwa anaiua lifti ni mimi."

"Ni msasa, baba. Wewe uliambiwa usafishe, ukasafisha."

Mzee akaanza kucheka, akacheka hadi machozi. Jioni ile alisimama mwenyewe mlangoni pa jengo na kumsimulia kila aliyeingia jinsi alivyoing'arisha lifti mpaka ikafa. Jirani wa ghorofa ya sita alikuja kuomba radhi, mtungi wa gesi ukiwa begani tena. Bi Masizi alimpokea mtungi, wakaongea vizuri.

Siku ya kumi na moja mama mkwe alivaa nguo yake nzuri, akajipaka manukato, akaingia kwenye lifti akiwa ameshika mkono wa mkwewe. Shoga yake alimngoja chini na kiti. Mlango ulipofunguka, walitazamana kimya kidogo, na kwa watu wale ukimya ulikuwa kitu kigeni.

"Umekonda," shoga akasema.

"Wewe ndiye umenenepa. Ingia, twende juu ukaone ninavyoishi."

Akaingia, na mlango ukafungwa. Bi Masizi, aliyetoka kuwapisha, alibaki chini na kile kiti, akisikiliza sauti zao zikipanda ghorofa baada ya ghorofa, zote mbili kwa pamoja, hakuna anayemngoja mwenzake amalize.