Filamu za Mumiani Alizonitafsiria Kaka

Kila Oktoba ikiingia, wenzangu wa jikoni huanza kuniuliza. Ninapika chakula cha watoto wa shule huko Northfield, ninavaa ushungi na juu yake kofia ya wavu, na katika jiko zima la wanawake waliozaliwa na kukulia hapahapa Birmingham, mimi ndiye ninayeulizwa ni filamu gani za mumiani zitazamwe msimu wa Halloween. Wanaona kichekesho. Ninawaambia waanze na ile ya mjane anayempangisha chumba mgeni asiyekula, kisha ile ya ndugu watatu wa machimboni, maana hizo hata mtu mwoga anazimaliza. Ipo moja nyingine ambayo siitaji. Wakinisumbua sana huwaambia watazame taarifa ya habari, watatosheka.

Hakuna aliyewahi kuniuliza nimezijulia wapi. Nimezijulia hospitali, kando ya kiti cha kaka yangu, Oktoba yake ya mwisho.

Figo zake zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alikaa kwenye kiti kirefu, mirija miwili mkononi, damu ikitoka upande huu, ikipita kwenye mashine ya kuisafisha, ikirudi upande ule. Alikuwa ameishi hivyo miaka, na mimi nilikuwa nimeshazoea, kwa sababu aliyekaa kwenye kiti hakuwa mimi. Kisha siku moja mwishoni mwa Septemba, akiwa anafunga kamba za viatu, akaniambia anataka kuacha mashine. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayeaga kazi.

Nilimkasirikia. Nilimwita mwoga, nikamwambia mama aliyeko Tanga atakufa siku hiyohiyo atakayosikia. Nikamletea dini. Akanijibu kwamba ameshauliza msikitini na ameshajibiwa, na jibu ni lake, si langu. Nilipoishiwa maneno nikamwomba muda tu. Nikamwambia asubiri mpaka Halloween ipite. Hata leo sijui kwa nini niliitaja, sisi ambao siku hiyo tunazima taa ya mbele watoto wa watu wasibishe hodi. Labda ni kwa sababu mtaani kwetu, Bordesley Green, jirani alikuwa ameshaweka dirishani boga lenye meno. Kaka akacheka, akasema haya, Halloween.

Kwa hiyo nilikuwa na mwezi mmoja wa kumbadilisha mawazo, na sikuwa na kitu cha kumbadilishia.

Aliyenipa wazo ni binti yangu. Yeye amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote ila ukimsemesha anajibu Kiingereza, na Oktoba kwake ni mwezi wa filamu za kutisha. Alikuwa na tableti iliyojaa filamu za mumiani, za kale na za sasa, na anazipanga kichwani mwake kwa ubora kama wengine wanavyopanga wachezaji wa mpira. Akasema anko atazame hizi, saa nne za kukodolea dari zinamuua kabla ya figo. Nikaona ni upuuzi. Mtu anatolewa damu halafu unamwekea picha ya wanyonya damu? Lakini tuliipeleka ile tableti.

Lazima nieleze kwamba kaka yangu hakuwa mgeni wa filamu. Tanga, kabla hajaja huku, alikuwa mkalimani wa banda la video. Alikaa kando ya runinga na kipaza sauti, anapunguza sauti ya filamu, anatuhadithia yote kwa Kiswahili: anayesema nini, anayemdanganya nani, na matusi juu. Kiingereza chenyewe alikuwa nacho cha kuungaunga. Asichokielewa alikitunga, na mara nyingi alichokitunga kilikuwa kizuri zaidi.

Siku ya kwanza alipoletewa filamu ya mtu mwenye meno marefu anayenyonya watu damu, hakupata neno jingine zaidi ya mumiani. Kwetu mumiani si hadithi ya kulalia. Bibi zetu walituapia kwamba wapo, wanakamata watu, wanawakamua damu wakafanyie dawa. Sasa watu wakaona ushahidi, tena wa picha. Kesho yake gari la kuchangia damu lilikuja uwanjani, likakaa mpaka adhuhuri na wauguzi wake, halikupata hata kidole cha mtu. Mama yetu hakumruhusu mtu kupita njia ile mwezi mzima.

Na banda lilikuwa na sharti moja, steringi, yule shujaa wa filamu, hafi. Steringi akifa, watu wanavunja mabenchi. Ndipo ikaja ile filamu nisiyoitaja. Humo mumiani ndiye steringi, mzee mpole anayemnyonyoa kuku wake jikoni na kunywa damu hiyohiyo ya kuku, na watu wakampenda. Mwishoni amechoka kuishi. Alfajiri anafungua mlango, anatoka juani, anaanza kufuka moshi. Kaka aliona balaa linakuja, akashika kipaza sauti: "Mnaona moshi? Ule ni ugonjwa unamtoka. Jua limemponya." Akazima runinga kabla mzee hajawa majivu. Watu walipiga makofi, na mimi, msichana mdogo kwenye benchi la wanawake, nilipiga mpaka viganja vikauma. Niliamini mzee yule amepona. Niliamini miaka mingi.

Basi nilikuwa nikimaliza vyombo vya shule, napanda mabasi mawili, nafika alasiri kaka akiwa ameshaunganishwa. Siku ya kwanza alitazama kimya. Siku ya pili mzee mmoja wa Kikongo wa kiti cha jirani akageuza shingo, akamwita kaka kwa heshima ya kwao, akauliza, "Grand, ule monsieur anafanya nini mu nyumba ya watu?" Kaka akamjibu. Akaulizwa tena, akajibu tena. Haikupita muda kaka akanyoosha mkono usio na mirija, akapunguza sauti ya tableti, akakohoa kidogo.

"Sasa mtazameni huyu mpangaji," akasema. "Kodi halipi, chai hanywi, na mama mwenye nyumba anamwona mstaarabu. Ngoja."

Nilikuwa sijaisikia sauti ile tangu Tanga. Nilijifanya natafuta kitu mkobani.

Binti yangu, siku alizokuja, aliteseka. "Mum, that's not even what they're saying," aliniambia, kama mtu anayeona wizi. Nikamwambia anyamaze, tunamsikiliza mjomba wake. Kiingereza na mimi ninacho sasa, nimekipata jikoni na kwenye mabasi, na nilijua vizuri kwamba yule mjane hakumwita mpangaji wake mbwa koko. Nilimtaka kaka yangu, sikuitaka filamu.

Nikaanza kutumaini, na sijawahi kufanya kazi ya kuchosha kama ile. Filamu ikibaki nusu saa mashine ikiwa imemaliza, kaka alimwambia Mkongo, "Ita-continue Jumatano," na mimi nilibeba hilo neno Jumatano mpaka nyumbani kama yai. Ina maana Jumatano atakuja. Nikawa namwambia binti yangu achague ndefu ndefu. Lakini kaka alikuwa akirudi kwake akilala hadi kesho yake, miguu imevimba, mikono imekaza. Kuna siku presha ilishuka katikati ya ndugu wa machimboni, uso ukawa rangi ya unga wa muhogo, wauguzi wakakilaza kiti. Alipozinduka aliuliza ndugu wa pili amekwisha kuumwa na mumiani au bado. Mkongo akacheka. Mimi nilikwenda chooni nikalia, kwa sababu niliona ninachokifanya. Nilikuwa nikimrefushia kiti kile, basi.

Wiki ya mwisho ya Oktoba nilimwelezea binti yangu ile filamu ya Tanga, akaipata. Nilidhani nimegundua dawa. Nilisema kaka ataitafsiri kama alivyoitafsiri zamani, atajisikia kwa masikio yake akisema mzee amepona, na moyo utamrudi. Mtu aliyekata tamaa hushika chochote.

Alimtambua yule mzee tangu anamshika kuku. Alinitazama, akatabasamu. Aliitafsiri yote kwa upole, bila tusi hata moja, na kwa mara ya kwanza binti yangu hakulalamika. Alfajiri ya kwenye filamu ikafika. Mzee akafungua mlango.

"Grand, atakufa ao hapana?" Mkongo akauliza.

"Anakufa," kaka akasema. "Amechoka. Hakuna aliyemsukuma, mlango amefungua mwenyewe. Tazama uso wake. Basi, imeisha."

Aliacha picha iende mpaka majivu. Mkongo akashika paji lake la uso. Mimi nikakasirika, kasirika hasa, nikataka kumwambia ameharibu filamu.

Ijumaa ile daktari akaja, akavuta kiti na kuketi, na daktari wa hapa akiketi ujue. Kaka alikuwa ameshazungumza naye. Mwanamke yule alinieleza polepole kwa Kiingereza, akinitazama machoni, kwamba kaka yangu ameamua kuacha, ana akili zake timamu, ni haki yake. Akasema bila mashine zitabaki siku chache, huenda wiki, kwamba atalala zaidi na zaidi, kwamba watahakikisha hapati maumivu. Kisha akamgeukia kaka, akamwuliza kama dada ameelewa, au aitwe mkalimani. Kaka akasema mkalimani ni yeye.

Akanigeukia. Akakohoa kidogo.

"Anasema hii mashine imenichosha, wananipumzisha. Nakwenda nyumbani. Nitakunywa maji glasi nzima, nitakula ndizi, nitakula maembe, kila walichoninyima. Anasema nimepiga kazi nzuri sana. Steringi hafi."

Nilikuwa nimeelewa kila neno la daktari, na kaka alijua kwamba nimeelewa. Nilimwangalia binti yangu. Safari hii hakusema kwamba sivyo walivyosema. Nikamwambia daktari ndiyo, nimeelewa. Nikamshukuru.

Halloween ilitukuta nyumbani kwangu, kaka amelala kwenye kochi la mbele, na mwaka ule alikataa tuzime taa. Jioni watoto wakawa wanabisha, binti yangu anawapa peremende. Mmoja alikuwa na meno ya plastiki yanayomdondoka. Kaka alimwita aingie hadi mlangoni amwone vizuri, akamwambia kwa Kiswahili arudi kwao kabla ya jua. Alikuwa anakula ndizi. Aliila taratibu, mpaka ile nyama nyeupe ya ndani ya ganda akaikwangua kwa meno.

Simu ikalia. Ni mama, anapiga kila jioni, na swali lake la kwanza tangu kuanza kwa mashine lilikuwa hilohilo, kama leo wamemtoa damu na kama wamemrudishia yote. Nikaweka sauti ya nje. Nikamwambia leo hawakumtoa.

"Kwa nini? Daktari kasema nini?"

Kaka aliweka ganda la ndizi juu ya kifua. Hakunyoosha mkono kuichukua simu. Alinitazama tu, akasubiri kuona nitamaliziaje.

"Daktari anasema wameipumzisha mashine, mama," nikasema. "Yuko nyumbani kwangu. Amekula ndizi mbili na maji amekunywa."

"Ndizi?" Nikamsikia mama akiwaita waliokuwa naye uani waje wasikie. "Alhamdulillahi. Basi mwanangu amepona."