Cucu wa Mpakani na Jina Langu

Majina yote ninayo kichwani. Ya watoto waliozaliwa mtaa huu wetu wa Kangemi, ya waliozikwa, ya wapangaji wangu wote, hata wale waliohama bila kuaga. Shule nilisoma kidogo tu, lakini jina likiingia kwangu halitoki. Hapa sitaandika hata moja. Kuna mtu mmoja kwenye habari hii ambaye jina lake likisemwa ovyo anaweza kuuawa, na nikificha lake, afadhali nifiche ya wote.

Na habari yenyewe ni ya jina. Kwetu, msichana wa kwanza wa mwanamume hupewa jina la mama ya huyo mwanamume. Ndivyo mtu anavyorudi duniani. Mimi Mungu alinipa binti mmoja, naye akafariki akaniachia kijana bado ananyonya. Nikamlea. Wazee wa nyumba walikaa wakakubali kwamba mama yake sasa ni mimi, ingawa mwenyewe huniita cucu, yaani nyanya. Kwa hivyo siku atakayopata msichana, huyo msichana ni mimi. Mwingine wa kunirudisha sina.

Kijana akaingia jeshini. Akapelekwa mpakani, kule kaskazini kwa watu wa ngamia. Kila Jumapili nikitoka kanisani ananipigia simu. Jumapili moja nikamsikia akimwambia mtu pembeni, kwa ile sauti anayonibembelezea mimi, "Ayeeyo, ngoja kidogo."

"Ayeeyo ni nani?"

"Ni cucu, kwa lugha ya huku. Kuna mama mzee anatuuzia chai na maziwa ya ngamia hapa kisimani."

"Kwa hivyo uko na cucu mwingine."

Akacheka. "Wacha wivu, Cucu. Huyu ni wa chai tu."

Nikakata simu, baadaye nikamwambia salio liliisha. Na aliyekuwa amepiga ni yeye.

Alipokuja likizo nikampikia chai. Akanywa, akaangalia kikombe, akasema, "Ya Ayeeyo iko na iliki." Kesho yake nikapanda mpaka dukani juu nikanunua iliki, nikaimimina hata chai ikawa chungu. Akainywa yote. Hilo pia liliniudhi.

Lakini alinieleza mambo ya kule, nami nilisikiliza, kwa sababu nilitaka kumjua huyo mwanamke. Alisema huko serikali ni ya mchana. Chifu anafanya kazi mchana, jua likishuka anakuja kulala kambini kwa wanajeshi, maana akilala kwake atachinjwa. Usiku wanatoka wale watu wa msituni wenye bunduki. Wanatoza watu mbuzi na ngamia, wanaita kodi, na wanahukumu kesi. Kesi nyingine zinaamuliwa na wazee wa koo, na hizo ndizo watu wanaziheshimu. Gavana wanamwona wakati wa kura.

"Na huyo cucu wako, yeye yuko upande gani?"

"Yuko upande wa kisima," akasema.

Akarudi kazini. Bibi yake, msichana mzuri kutoka magharibi, anafanya kazi ofisini na wanakaa Kilimani, alikuwa na mimba. Alipojifungua msichana nililia mbele ya wapangaji. Nikachemsha njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, nikavaa nguo ya Pasaka, nikapanda ile lifti yao inayonitoa roho.

"Cucu, umevaa kama wewe ndiye unabatizwa," bibi yake akasema.

"Si ni mimi nimezaliwa?"

Kijana wangu hakucheka. Alikuwa amepewa ruhusa kuja kuona mtoto. Akanivutia kiti. "Cucu, nataka mtoto aitwe Ayeeyo. Yaani, jina lake lile lenyewe."

"La mwenye chai?"

Hapo ndipo akanieleza. Asubuhi moja lori lao lilikuwa linatoka kambini. Ayeeyo akasimama katikati ya njia na kibuyu chake, akaanza kumtukana kijana wangu, mbele ya watu wote. Mwizi wewe! Mbwa wewe! Umekunywa maziwa yangu bure! Kisha akayamwaga maziwa yote mchangani, mbele ya lori. Watu wa kule hawamwagi maziwa. Mtu wa kule akimwaga maziwa ni kama mimi nichome Biblia. Kijana wangu akajua kuna jambo, akamnong'onezea mkubwa wake, wakashuka, wakaenda kwa miguu. Mbele kidogo wakakuta bomu limefukiwa njiani.

Asingeweza kuwaambia kwa mdomo. Anayesema na jeshi, wale wa msituni wanamwua. Anayetukana jeshi, wanampigia makofi.

Siku chache baadaye jeshi likafanya operesheni, likazunguka kijiji na kubeba vijana. Mmoja wao alikuwa mjukuu wa Ayeeyo, mchunga ngamia. Kijana wangu alimwona akipandishwa lori, na akanyamaza. Angesema "huyu mwacheni, nyanya yake alituokoa," neno lingefika msituni kabla ya jioni.

Nilisikia yote. Nilimshukuru Mungu kwa moyo wangu wote, kweli kabisa. Lakini wivu hauna masikio. Mimi nimemwosha huyu mtoto, nimemtoa funza, nimemvukisha barabara ya Waiyaki Way mgongoni akiwa na homa. Yeye amemwaga kibuyu kimoja, na amechukua hata jina langu.

"Na mimi nitarudi wapi?" nikamwuliza. "Nitarudi kwa paka?"

"Mimi niliyezaa hata sijaulizwa," bibi yake akasema kutoka kitandani.

Kijana akainama. "Cucu, yuko hapa Nairobi. Anamtafuta mjukuu wake maofisini. Mimi siwezi kuonekana naye, macho ya kule yanafika mpaka huku. Nenda wewe ukae naye kidogo. Mpelekee salamu."

Nilienda. Msinisifu. Nilienda kuona yeye ana nini ambacho mimi sina.

Alikuwa ameketi bustanini nyuma ya soko, mjini, amenyooka kama mlingoti, kucha zina hina. Meno yake yote yalikuwepo. Hilo nalo liliniuma.

"Wewe ndio cucu?"

"Ndiye mimi."

"Haya. Mimi nimechoka na wewe."

"Na hatujawahi kuonana?"

"Mtoto yako nakunywa chai yangu, nasema, cucu napika hivi, cucu naimba hivi, cucu alinipiga na mwiko. Kila siku cucu! Namwambia, warya, wewe kijana, nenda basi kwa cucu yako!"

Nilicheka kabla sijajizuia. Kumbe na yeye alikuwa amenichukia. Nikamsogelea.

"Lakini yako napiga simu," akasema. "Yangu hapigi."

Akanieleza safari yake. Wazee wao walienda kwa mkubwa wa jeshi, akawaambia waende kaunti. Kaunti wakasema mambo ya usalama si yao, yako Nairobi. Akauza mbuzi, akaja Nairobi. "Hapa, lango ya ofisi ya usalama, wananiambia, mama, rudi kwa chifu yako. Chifu mwenyewe nalala kambi!" Akapiga goti lake. "Usiku wale nauliza, umeambia nani? Mchana serikali nauliza, umeona nani? Hakuna mtu nauliza, mama, umekula?"

Nilikuwa na njahi kwenye kiondo. Tukala.

Nikamwambia la jina. Nilidhani atafurahi. Akanishika mkono mpaka pete yangu ikaniuma.

"Hapana. Jina yangu kwa nyumba ya mwanajeshi? Watu watauliza, kwa nini? Itatembea, itafika kule. Wataniua, na nyumba yangu yote. Mpe yako. Mwambie Ayeeyo amekataa." Kisha akauliza, "Yako ni nani?"

Nikamwambia. Akalisema polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Ni nzuri," akasema. "Ni fupi."

Yeye alipaswa kurudi, wanyama hawangojei. Akaniachia jina la mjukuu wake, na la baba, na la babu, akipanda nyuma mpaka nikachoka, maana kule vijana wengi wanalingana majina. Nikayapokea yote. Yako hapa kichwani.

Mtoto alipewa jina langu. Watu wakapiga vigelegele, nikambeba, nikamwita, akafungua jicho moja. Nilikuwa nimeshinda. Lakini nikimtazama najua ni mwanamke mwingine aliyenipa hilo jina, kama mtu anayekuvisha shuka lake wakati yeye mwenyewe anasikia baridi. Hata hapo alinipita.

Sasa kila Jumatatu nashuka mjini, kwenye lango la ile ofisi iliyomrudisha Ayeeyo kwa chifu. Yule askari wa pale amenizoea.

"Wewe tena, mama? Huyu ni nani wako?"

"Mjukuu wangu."

Akaangalia kitambaa changu cha kina mama wa kanisa, akanitazama usoni. "Mjukuu aje, na jina la kule?"

Nilitaka kumwambia kwamba nyanya yake alichukua wangu, na mimi nimechukua wake. Lakini hilo si la kusemwa langoni.

"Andika," nikamwambia, nikaanza kumtajia tena, la kwake, la baba, la babu.